Jumamosi Nne za Hisa Ganjoni: Tatu Nitalipa Tena, ya Nne Wakae Nayo

Ngazi kwanza, maana mimi hakuna aliyenionya. Darasa la kupima bei za hisa liko orofa ya tatu, Ganjoni hapa Mombasa, na lifti ipo ya kutazamwa tu. Mwenye magoti kama yangu atoke nyumbani mapema, apumzike orofa ya pili kwenye benchi la mlinzi, ndipo amalizie. Feni ni mbili: moja inazunguka, ya pili inapiga kelele. Chai ya saa nne haina neno. Mahamri ya Jumamosi ya kwanza yalikuja ya moto na mbaazi zake, ya Jumamosi ya tatu yalikuwa yamelala. Ada ni shilingi 6,500 kwa Jumamosi nne, saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, na ukilipa kwa simu unapewa risiti papo hapo. Jina lao silitaji. Nitawasifu na nitawasema, na ya kuwasema sitaki yawafuate mpaka kesho.

Mimi nauza leso Biashara Street, mwaka wa 21 huu. Hesabu ninazozijua ni za doti na marobota. Hisa nilikuwa nazijua kama mtu anavyomjua jirani wa orofa ya juu: tunaamkiana, basi. Ninazo za Safaricom, zile za 2008, tulizonunua na wanawake wenzangu wa chama kwa shilingi 5 moja. Mnazikumbuka foleni zile. Maombi yalikuwa zaidi ya mara tano ya hisa zilizokuwa zikiuzwa, kwa hivyo tukapewa kidogo na pesa nyingine zikarudi. Mwezi wa Juni zikaingia sokoni, zikapanda zikapita 7, na kabla mwaka haujatimia zikawa chini ya 3. Nusu ya chama wakauza kwa hasira. Mimi sikuuza kwa sababu nilisahau. Msinipe sifa ya subira, nilisahau kweli. Ilipofika 2021 zikapita 40, na mwisho wa 2023 zikawa zinacheza kwenye 13 na 14.

Miaka yote hiyo swali langu lilikuwa moja: sasa hivi ni ghali au ni rahisi? Nikimuuliza dalali wa hisa, ananitajia bei. Bei naiona mwenyewe kwenye simu. Mteja akija dukani akaniuliza kama leso hii ni ghali, nikamjibu "ni 700", ataniona nimechanganyikiwa, kwani 700 ameiona kwenye karatasi. Anataka kujua ni ghali ukilinganisha na nini: kitambaa, rangi isiyochuja, jina lililoandikwa, duka la pili. Kwenye hisa sikumpata mtu wa kunijibu hivyo, ndiyo maana nilipanda zile ngazi.

Mwalimu ni kijana wa Voi, alishawahi kufanya kazi kwa madalali wa hisa Nairobi. Hana makeke. Jumamosi ya kwanza aliandika ubaoni maneno mawili, bei juu, faida chini, akachora mstari katikati. Hisa ikiuzwa 30 na kampuni ikapata faida ya 3 kwa kila hisa kwa mwaka, basi unalipa mara 10, yaani unanunua faida ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja. Hapo nikatulia, kwa sababu sisi Biashara Street tunajua kununua hivyo. Mtu akikuachia duka lake hukudai gudwili, wazee wetu wakiita kilemba, na kila mtu anayeilipa huwa anapiga moyoni hesabu ya miaka mingapi itarudi.

Kisha akauliza: faida gani? Ya mwaka jana? Na mwaka jana ukiwa umelewa?

Mfano aliouleta ni wa Marekani, na ulinikaa. Soko lao lilifika 1,565 kwenye S&P 500, faharasa ya bei za hisa za makampuni yao makubwa kama 500, Oktoba 2007, likaanguka mpaka 676 tarehe 9 Machi 2009. Hisa zilikuwa zimekatwa zaidi ya nusu. Lakini faida za makampuni zilikuwa zimeanguka zaidi ya bei, mabenki yakiwa na hasara za kutisha, kwa hivyo ukigawanya bei kwa faida ya mwaka ule mmoja unapata zaidi ya mara 100 kwa miezi kadhaa ya 2009. Anayesoma namba hiyo peke yake atasema soko halijapata kuwa ghali hivyo, akimbie. Ukigawanya bei hiyohiyo kwa wastani wa faida ya miaka kumi, kila mwaka umebadilishwa kuwa bei za leo, unapata kama 13, namba ambayo ilikuwa haijaonekana kwa zaidi ya miaka ishirini. Soko moja, mwezi mmoja, majibu mawili yanayopigana. Nilitazama jirani zangu darasani, kila mtu ameacha kunywa chai.

Hicho cha miaka kumi ndicho darasa lenyewe lilipojengwa juu yake. Wazo ni la zamani. Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa Columbia kule New York, waliandika 1934, vidonda vya anguko la soko la 1929 bado vibichi, kwamba faida ya kampuni ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na bora saba au kumi. Waliokuja kuigeuza kipimo cha soko zima ni wachumi John Campbell na Robert Shiller, 1988, kwa takwimu zinazorudi nyuma mpaka 1871. Shiller akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2013, pamoja na wenzake wawili, na kipimo watu wakakiita kwa jina lake. Kifupi chake cha Kiingereza ni CAPE, yaani bei kwa faida iliyosawazishwa kwa miaka mizuri na mibaya. Wastani wa miaka yote tangu 1881 ni kama 17. Kabla ya anguko la 1929 kilipita 30, mwisho wa 1999 kikafika 44, na 1982 kilikuwa chini ya 7. Januari tuliyokuwa tukisoma, ya 2025, kilikuwa juu ya 35.

Kuhusu kubadilisha kuwa bei za leo, mwalimu alitumia dakika arubaini na wengine walipiga miayo. Mimi ningempa saa nzima. Doti niliyouza 350 mwaka wa 2012 leo naiuza 700. Nikisema faida ya mwaka ule ilikuwa ndogo, nimejidanganya: shilingi ile ilikuwa na nguvu nyingine. Novemba 2011 mfumuko wa bei ulikuwa karibu 20 kwa mia, na wanaokumbuka bei ya sukari mwaka ule hawahitaji mwalimu.

Kazi ya nyumbani ya Jumamosi ya kwanza ndiyo iliyonirudishia pesa zangu. Kila mtu achukue biashara moja anayoijua, aandike faida ya miaka kumi, aibadilishe kuwa bei za leo kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, apate wastani, kisha agawanye bei anayodaiwa. Mimi nilikuwa nayo tayari. Mzee wa duka la pili kutoka langu alikuwa anaondoka, anarudi Lamu kwa wanawe, na alitaka milioni 2.4 kwa gudwili na mali iliyobaki kwenye rafu. Alikuwa ananiambia kila asubuhi akifungua kufuli: "Bi mkubwa, mwaka jana nimepata laki nane safi. Miaka mitatu tu umeshajilipa." Na kweli laki nane alizipata, nilizishuhudia. Shirika moja lilichukua leso za semina zao kwake, marobota kwa marobota, kisha likafunga ofisi likaenda zake.

Nikamuomba madaftari. Alinitazama kana kwamba nimemuomba aniazime meno, lakini akanipa, kwa sababu ni muungwana na kwa sababu alijua mtu asiyepewa daftari hanunui. Nikakaa nayo usiku mmoja na binti yangu Salma, yeye akigonga kwenye simu, mimi nikisoma mwandiko wa mzee. Mwaka wa 2015 alipata 310,000. Ukiipandisha kuwa bei za 2024 inafika kama 525,000, na hapo nikaona kumbe mzee alikuwa tajiri zaidi zamani kuliko alivyojiona. Mwaka wa 2017, wa uchaguzi mara mbili, 280,000. Mwaka wa 2019, 260,000. Mwaka wa 2020, hasara ya 120,000. Wote tunajua kwa nini, harusi zilikuwa zinafungwa kwa simu. Baadaye akapanda pole pole, 190,000, 350,000, 300,000, halafu hiyo laki nane. Wastani wa miaka kumi, kwa bei za 2024, ulikuwa 385,000.

Milioni 2.4 kwa 385,000 ni mara 6 na kidogo. Mzee alikuwa ananiuzia mara 3.

Sikusema kitu asubuhi ile. Nilimpelekea kahawa.

Jumamosi ya pili tulisomeana kazi zetu, na kama mnaenda, msikose siku hiyo. Kulikuwa na bwana wa matatu za Likoni ambaye aligundua gari lake halijapata faida hata kidogo kwa miaka kumi ukihesabu matairi na injini mbili. Kulikuwa na dada wa saluni Tudor ambaye ana miaka minne tu ya hesabu, na mwalimu akamwambia ukweli: kipimo hiki hakimfai, bado mchanga mno. Nilipenda jibu hilo. Wengi wanaouza elimu hawawezi kutamka "hakikufai".

Hapo ndipo alipotuletea hadithi ya Desemba 1996. Shiller na Campbell walikwenda Washington kuwaeleza wakuu wa Benki Kuu ya Marekani kwamba soko limepanda mno, kipimo kikiwa kwenye 28. Siku mbili baadaye gavana wao, Alan Greenspan, akazungumza hadharani juu ya soko lenye shauku isiyo na akili. Masoko yakashtuka usiku mmoja, kisha yakaendelea kupanda. Yakapanda 1997, 1998, 1999, mpaka Machi 2000 S&P 500 ilikuwa imeongezeka mara mbili ya siku ile ya hotuba. Aliyemsikiliza Shiller akauza alikaa zaidi ya miaka mitatu akila chakula cha jioni na mashemeji waliokuwa wakimcheka. Oktoba 2002 soko lilikuwa limerudi karibu palepale lilipokuwa Desemba 1996, na Machi 2009 likawa chini ya hapo. Mwalimu hakutuambia tufurahi au tulie. Alituuliza ni wangapi kati yetu tungeweza kuvumilia miaka mitatu ile. Bwana wa matatu alisema miezi mitatu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu, Baba Salma, hesabu ya duka la mzee. Yeye alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini miaka 25, na kazi hiyo ilimfanya mtu wa kuuliza karatasi. Akasoma orodha yangu, akaweka kidole kwenye 2018.

"Mama Salma, hii ni biashara mbili, umezichanganya."

"Mbili vipi? Duka ni lile lile, rangi ni ile ile."

"Kabla ya hapa wanunuzi wa bara walikuwa wanashuka hapa na malori. Hapa reli ishaanza kubeba makontena, mzigo unatolewa Nairobi, mtu wa Nakuru aje Mombasa kutafuta nini? Halafu 2022 wakasema shughuli zirudi bandarini. Huo wastani wako una miaka ya miji mitatu tofauti."

Na ni kweli. Treni ya abiria ya reli mpya ilianza 2017, ya mizigo ikafuata Januari 2018, na yaliyofuata hapa mjini mtu wa Mombasa hasimuliwi. Maandamano ya Jumatatu za 2019, ya kupinga mizigo kupelekwa Nairobi kwa reli, yalipita karibu na mlango wangu. Septemba 2022 Rais mpya akaamuru mizigo irudi kutolewa hapa. Nilikasirika kidogo, kwa sababu mtu akishamaliza hesabu yake nzuri hapendi kuguswa, lakini nilikunja karatasi nikaipeleka darasani Jumamosi ya tatu.

Mwalimu akacheka, akasema mumeo amesema alichosema Jeremy Siegel. Huyu ni profesa wa Pennsylvania, rafiki wa Shiller miaka mingi, na ubishi wao ni maarufu kwa wanaofuatilia mambo haya. Siegel anasema kanuni za uhasibu Marekani zilibadilika: siku hizi kampuni ikiwa na mali iliyoshuka thamani inalazimika kuikata kwenye faida mara moja, kwa hivyo miaka mibaya, kama 2001 na 2008, inaandikwa mibaya kuliko miaka mibaya ya zamani ilivyoandikwa. Wastani unashuka, kipimo kinapanda, na soko linaonekana ghali kuliko lilivyo. Tena makampuni ya zamani yaligawa gawio, ya leo yananunua hisa zao wenyewe, na hilo nalo linabadilisha jinsi faida ya kila hisa inavyokua. Ushahidi ambao hata mimi naweza kuusoma ni huu: tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kipimo kimekaa juu ya wastani wake wa zamani karibu wakati wote, isipokuwa miezi ya anguko la 2008 na 2009. Ukisubiri kishuke kwenye 17 uliyosomeshwa, utazeeka kwenye kituo.

Shiller naye hakunyamaza. Mwaka wa 2020 alianza kukitazama kipimo sambamba na riba. Unakipindua: 1 kugawanya kwa 25 ni 4 kwa mia, hayo ndiyo mavuno unayonunua. Kisha unaondoa riba ya hati fungani za serikali baada ya mfumuko wa bei. Kinachobaki ndicho unacholipwa kwa kuvumilia roho mkononi. Kwa pembe hii hisa ghali huweza kuwa na maana pale riba ikiwa sifuri.

Hapa darasa lilinifungua macho kuhusu kwetu. Februari 2024 serikali yetu iliuza hati fungani za miundombinu kwa 18.46 kwa mia, bila kodi, na mfumuko wa bei ulikuwa kwenye 6. Hisa ya mara 10, ambayo Jumamosi ya kwanza tuliiita rahisi, inakupa 10 kwa mia. Ukitoa mfumuko kwenye hati fungani bado serikali inakupa 12, na hupandi ngazi za mtu. Kwa hivyo mwanachama mwenzangu aliyeuza hisa akanunua hati fungani mwaka ule, na mimi nikamcheka, alikuwa anafanya hesabu ya Shiller bila kumjua. Januari 2025 bili za Hazina za siku 91 zilikuwa zimeshuka chini ya 10, na hesabu ikawa nyingine.

Kuhusu kutumia kipimo cha miaka kumi kwa soko zima la Nairobi, mwalimu alikuwa mwangalifu, na nadhani angeweza kuwa mwangalifu zaidi. Makampuni yenyewe ni sitini na kidogo. Safaricom peke yake imekuwa ikibeba sehemu kubwa mno ya thamani ya soko, kiasi kwamba ukipima soko umempima yeye na wapambe wake. Halafu kuna wagonjwa. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 na ikarudi sokoni Januari hiyohiyo tuliyokuwa tukisoma. Hasara zake za miaka ile unaziweka kwenye wastani au huziweki? Mumias, iliyokuwa sukari ya kila duka, hisa zake zilisimamishwa kuuzwa. Ukihesabu wastani wa waliobaki hai tu, umemsahau marehemu aliyekula pesa za watu. Bamburi nayo, jirani yetu wa hapa, imenunuliwa na Amsons wa Tanzania mwisho wa 2024 kwa shilingi 65 kwa hisa. Soko dogo likipungukiwa na mmoja, namba yote inayumba. Mimi nimetoka na imani kwamba kwa Nairobi upime kampuni moja moja, yenye miaka kumi ya hesabu zilizokaguliwa, na uachane na namba ya soko zima. Mwalimu hakusema hivyo waziwazi. Nasema mimi.

Sasa Jumamosi ya nne.

Mwalimu hakuja. Alikuja kijana wa suti, marashi yalitangulia kwenye ngazi. Alikuwa na projekta na grafu yenye rangi mbili, kijani nunua, nyekundu uza. Huduma ni ya ujumbe wa simu, 1,500 kwa mwezi, na leo tu 1,200. Kanuni yao: kipimo cha Shiller kikiwa chini ya 15, nunua, kikipita 25, uza. Ukiangalia grafu kuanzia 1881 inapendeza kama leso mpya. Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, tangu 1992 kimeshuka chini ya 15 mara ngapi?"

"Mama, cha muhimu ni nidhamu ya muda mrefu."

"Mara ngapi?"

Alitafuta kwenye grafu yake mwenyewe. Ni miezi michache tu mwanzoni mwa 2009. Zaidi ya miaka thelathini, na mlango wa kununua umefunguka kwa muda wa kumaliza kushona magauni ya harusi. Anayelipa 1,500 kila mwezi kwa kungoja ujumbe huo atakuwa amewanunulia wao gari.

Na si hilo lililonichoma. Namba ile ni ya Marekani, na jumbe zao zinasema ununue au uuze hisa za Nairobi. Nilipouliza, akasema masoko yote hufuatana. Kijana, mimi mwaka wa 2024 nimeliona soko la Nairobi likipanda kutoka shimoni, wakati la Marekani lilikuwa ghali tayari na likapanda vilevile. Kwa kanuni yako ningekuwa nimeuza hisa zangu zilipokuwa kwenye 13.

Tulipewa pia faili la hesabu, eti limerahisisha kazi ya nyumbani. Salma alilifungua usiku ule akaingiza namba za mzee. Jibu likaja mara 5.4. Mimi nilipata 6 na kidogo. Tukatafuta, tukatafuta, kumbe faili likikuta mwaka wa hasara linauacha mtupu na kugawanya kwa miaka tisa. Wameufuta mwaka wa Korona! Wastani ukaruka kutoka 385,000 mpaka 445,000, na duka la mzee likawa rahisi bila yeye kupunguza senti. Mtu anatafuta wastani wa miaka kumi ili mwaka mbaya nao uwe na sauti, halafu faili linamziba mdomo. Niliwaandikia. Walinijibu asante kwa maoni yako. Wiki mbili baadaye nililipakua tena, lilikuwa vilevile. Kwa hivyo fanyeni kwa mkono, au mtafute mtoto wa kidato cha tatu.

Mtauliza duka la mzee. Nilimpa milioni 1.6, ambayo ni kama mara 4 ya wastani, na kwa maneno ya Baba Salma juu ya miji mitatu sikutaka kwenda zaidi. Mzee alinishukuru kwa kahawa. Mwezi wa Aprili alimuuzia kijana mmoja wa Kongowea kwa milioni 2.2. Kijana ameweka taa nyeupe na anauza kwa video za simu, na Idi iliyopita nilihesabu watu kwenye mlango wake mpaka nikaacha. Huenda nilikosea. Huenda miaka yake kumi haitafanana na ya mzee hata kidogo. Nimepita mbele ya duka lile kila siku tangu wakati huo na hesabu yangu bado ni ile ile, mara 6, na bado nisingelipa.

Hisa za Safaricom ninazo. Nimezipima kwa miaka kumi, moja moja, kwenye daftari la leso, na safari hii sikusahau.

Kuhusu nyota: nawapa nne kwa Jumamosi tatu za mwanzo, nyota ya tano imebaki kwenye ngazi. Siku ya nne siipi kitu. Jumbe zao bado zinaniingia ingawa sikujiunga, kila Jumatatu asubuhi kwa herufi kubwa. Awamu nyingine inaanza Januari, na nimeshamlipia Salma. Atakwenda Jumamosi tatu. Ya nne atakuja dukani, kuna mizigo ya kufungua.